Kaye ya kushona kwa mkono: zawadi ya rafiki anayeandika

Rafiki yangu anaimba kwenye korale (kwaya) huko Bagira, hapa Bukavu, na nyimbo humjia usiku. Umeme ukikatika, anaandika akiwa ameketi kitandani: simu inamulika mkono wa kushoto, biki iko mkono wa kulia, kaye (daftari) juu ya magoti. Kaye aliyokuwa nayo ilibandikwa kwa gundi tu mgongoni, na ilijifunga yenyewe kila alipoiachia. Nilimwona akiikandamiza kwa kiwiko huku anaandika, mistari ikipanda na kushuka kama njia za Kadutu. Usiku ule nikajua zawadi yake ya sikukuu: daftari linalobaki wazi bila kushikwa.

Ndiyo maana nakuomba usianze na jalada. Wengi huanza na maua na rangi, halafu baada ya wiki mbili karatasi zinachomoka. Mwangalie kwanza rafiki yako anaandika nini na anaandikia wapi. Anayetunza hesabu za likelemba, yaani mchango wa kupokezana, anahitaji mistari na safu, na karatasi inayovumilia kufutwa. Anayeandika akiwa kwenye basi anahitaji kaye ndogo ya kuingia mkobani. Huyu wangu alihitaji kurasa za mistari kwa maneno ya nyimbo, na kurasa tupu za kuchorea anavyotaka sauti zipande. Kwa hiyo katika mafungu matano ya karatasi, matatu niliyapigisha mistari kwenye fotokopi kabla ya kuyakunja, na mawili nikayaacha meupe.

Kazi yenyewe inachukua jioni nne. Mikono haitakuwa na shughuli muda wote huo, ila gundi haiharakishwi, na hapa Bukavu kuanzia Septemba hadi Mei hewa ina unyevu mwingi. Ukitaka kuitoa Jumapili, anza Jumatano.

Vitu vya kutafuta

Karatasi ndiyo ya kuchagua kwa makini kuliko vyote. Karatasi ina mkondo, kama ubao ulivyo na nyuzi: kiwandani inavutwa na mashine ikiwa bado majimaji, na nyuzi zake nyingi hulala kuelekea upande huo. Ukikunja kwa kufuata mkondo, mkunjo unalala kimya. Ukikunja kwa kuukata, karatasi inabisha, na kaye ikishamalizika kurasa zinasimama badala ya kulala. Karatasi nyingi za A4 zinazouzwa kwa rimu mkondo wake unafuata urefu, kwa hiyo ukizikunja katikati unaukata.

Dawa yake ni kununua A3. Nenda kwenye nyumba ya fotokopi, omba karatasi 10 za A3 za gramu 80 (ni uzito wa mita mraba moja), lakini kabla ya kulipa zijaribu. Pinda moja kama unataka kuikunja, usiikunje, kisha ikandamize polepole kwa kiganja. Igeuze, ufanye hivyo upande mwingine. Upande unaokubali kwa urahisi ndio wenye mkunjo unaofuata mkondo. Ukikuta mkondo unafuata urefu wa A3, hiyo ndiyo yako: ukiikata vipande viwili unapata A4 ambazo mkunjo wake wa katikati utafuata mkondo. A3 kumi zinakupa A4 ishirini. Kila A4 ya gramu 80 ina uzito wa gramu 5, maana yake kurasa zote za kaye hii ni gramu 100, na mkono hauchoki kuishika.

Kwa jalada tafuta kartoni ngumu ya unene wa milimita 2. Usichukue kartoni ya maboksi yenye mawimbi ndani. Mawimbi yatajichora juu ya kitambaa, na pembe zitabonyea siku ya kwanza. Mimi natumia mbao za klaseri za zamani, zile za kuwekea hati ofisini. Watu wanazitupa zikishapinda chuma, na kartoni yake bado ni nzima. Unachuna karatasi ya juu tu.

Uzi mzuri ni ule mwembamba wa washona viatu. Ukiukosa, chukua uzi wa pamba wa kushonea mablanketi. Upitishe juu ya mshumaa mara tatu au nne mpaka uhisi unashika vidole: nta inauzuia usijifunge mafundo na usiteleze ukishakazwa. Uzi wa kuvulia samaki ni imara lakini unateleza, na fundo lake linafunguka lenyewe. Sindano iwe ya tundu pana na ncha isiyochoma sana. Cha kutobolea ni pwenso ya fundi viatu, au sindano nene uliyoichomeka kwenye kipande cha kijiti.

Kitenge usikinunue. Pita kwa fundi wa kushona nguo, mwambie, "Papa fundi, nina rafiki nataka kumtengenezea zawadi, unisaidie vipande." Mafundi wana mifuko mizima ya vipande, na wengi watakupa vitatu kama matabishi ukinunua kimoja. Kipande chako kinatakiwa kiwe angalau sentimita 30 kwa 40. Maua madogo yanakaa vizuri kuliko makubwa. Ndege mwenye mabawa ya nusu mita atakatwa kichwa kwenye jalada la sentimita 15. Hapohapo kwa fundi omba na karatasi nyepesi ya patroni, ile wanayokatia vipimo. Utaona kazi yake muda si mrefu.

Ongeza lati (rula) ya chuma, kisu cha wembe, kreyo (penseli), mkasi, brashi mbili na kijiko cha kukunjia. Kole, yaani gundi, utahitaji za aina mbili: ya kununua, ile nyeupe ya maseremala, na ya kupika mwenyewe.

Jioni ya kwanza: kukunja na kutoboa

Kata A3 katikati kwa kisu na lati, si kwa mkasi. Panga A4 nne nne, kunja kila fungu katikati, na pitisha mgongo wa kijiko juu ya mkunjo mara moja kwa nguvu. Ukirudiarudia, karatasi inang'aa kama imepakwa mafuta na mng'ao huo hautoki tena. Una mafungu matano, kila moja lina kurasa 16. Yote pamoja ni kurasa 80. Yaweke chini ya kitu kizito usiku kucha. Mimi nina matofali mawili niliyoyashonea nguo za kitenge ili yasimwage vumbi jekundu.

Kutoboa ndiko kunakoamua kaye itasimama wima au italegea upande. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa milimita 210, sawasawa na mgongo wa kaye, ukikunje katikati kwa urefu. Kwenye mkunjo wake weka alama kwa kreyo kutoka juu: 15, 45, 75, 135, 165, 195. Matundu sita. Andika neno "juu" kwenye ncha moja, na usiisahau hiyo alama. Sasa fungua kila fungu, ingiza kipimo hiki katikati ya mkunjo, toboa kuanzia ndani kwenda nje. Kila fungu litobolewe kwa kipimo hichohicho, kichwa kikiwa upande uleule. Pwenso ishikwe kwa mshazari kidogo, ncha itokee palepale kwenye mgongo wa mkunjo. Ikitokea pembeni hata kwa milimita moja, uzi utapasua karatasi hapo.

Kushona

Kata uzi wa mita moja na nusu. Weka fungu la kwanza kwenye ukingo wa meza, mgongo ukikutazama.

Ingiza sindano tundu la 1 kutoka nje, uache mkia wa sentimita 10. Toka la 2, ingia la 3, toka la 4, ingia la 5, toka la 6. Vuta uzi kwa kufuata mgongo, kamwe usiuvute kuja kwako, maana ukiuvuta kuja kwako unachana karatasi. Nje utaona mishono miwili mifupi: mmoja kati ya 2 na 3, mwingine kati ya 4 na 5.

Weka fungu la pili juu ya la kwanza. Ingia tundu lake la 6, toka la 5. Hapa simama kidogo. Kabla ya kuingia la 4, pitisha sindano chini ya ule mshono mfupi wa fungu la chini, halafu ndipo uingie. Nyuzi mbili zimeshikana kama vidole vya watu wawili wanaosalimiana. Toka la 3, pita tena chini ya mshono wa chini, ingia la 2, toka la 1. Vuta yote ikaze sawasawa, kisha funga fundo mara mbili na ule mkia ulioachwa.

Fungu la tatu linaingia kwa tundu la 1 na kwenda hadi la 6, likishika mishono ya fungu la pili njiani. Ukifika la 6 pitisha sindano kati ya fungu la kwanza na la pili, nyuma ya uzi unaoyaunganisha, acha kitanzi kidogo, pitisha sindano ndani ya kitanzi, vuta. Ni fundo la ncha. Kila unapofika mwisho wa fungu unafanya hivyo, ukishika mafungu mawili yaliyo chini. La nne, la tano, na mwishoni fundo mara mbili.

Ukimaliza, shika kaye mkononi ujaribu kuyasukuma mafungu huku na huku. Yakicheza sana, uzi ulilegea; bora ufungue na kushona upya leo kuliko kusema kole itasaidia. Kole haisaidii mshono mbaya.

Mgongo

Gonga kaye mezani kichwa na mgongo mpaka kingo zilingane. Ibane kati ya kartoni mbili, mgongo ukitokeza kidogo, matofali juu. Paka kole nyeupe nyembamba sana mgongoni, uisugue kwa kidole iingie kati ya mafungu, uifute inayobaki. Nasisitiza wembamba kwa sababu hapa ndipo kaye ya rafiki yangu ilipopata kubaki wazi: kole ikiwa nene inakauka kama ubao, na mgongo unakataa kupinda.

Kole ikiwa bado na ubichi kidogo, bandika ukanda wa kitambaa chepesi cha pamba, shati kuukuu linafaa, wenye urefu wa sentimita 17. Upana wake ni upana wa mgongo pamoja na sentimita 3 za ziada kila upande. Mabawa hayo mawili ndiyo yatakayoshika jalada baadaye.

Ongeza karatasi za mlangoni, zile zitakazobandikwa ndani ya jalada: A4 mbili nzuri, za rangi ukipenda, zilizokunjwa katikati, nazo mkondo wake ufuate mkunjo. Paka kole ukanda wa milimita 4 tu kando ya mkunjo, bandika moja mbele na moja nyuma, chini ya mabawa. Acha usiku mzima.

Kole ya muhogo, na kitenge kinachokubali kushika

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo kaye nyingi zinapoharibika.

Kitenge kina vitundu kati ya nyuzi. Ukikipaka kole nyeupe moja kwa moja, inapenya na kutokea upande wa pili, na inaacha madoa yanayong'aa ambayo hayafutiki tena. Kwa hiyo kitenge kinavalishwa karatasi nyuma kwanza. Kwa kazi hiyo kole ya muhogo inaizidi ya dukani: haiachi doa, na ikikosewa inalainika kwa maji.

Usitumie unga wa fufu kama ulivyo. Muhogo wake umelowekwa ukachachuka, kole yake inakuwa na rangi ya majivu na harufu. Chukua muhogo mbichi mmoja, umenye, ukwaruze, uukamulie ndani ya bakuli la maji kwa kitambaa safi. Acha maji yatulie saa mbili. Mwaga maji ya juu taratibu: chini kumebaki tope jeupe, zito, laini kuliko poda. Hiyo ndiyo amido, ileile mama yangu aliyokuwa akipigia kola za mashati ya Jumapili.

Kijiko kimoja kikubwa cha amido, vijiko sita vya maji baridi. Koroga kwanza mpaka hakuna donge, ndipo uweke kwenye mbabula (jiko) yenye makala (makaa) machache. Usiache kukoroga. Kwa muda itabaki kama maziwa na utadhani haitabadilika. Halafu ghafla kijiko kinakuwa kizito, weupe unaondoka, na kole inakuwa kama kioo chenye ukungu, inavutika. Ikoroge dakika mbili zaidi, iondoe, ichuje. Ukichemsha karafuu tatu kwenye yale maji kabla ya kuanza, kole inachelewa kuota kuvu. Hata hivyo itumie ndani ya siku mbili, na usibakize makombo yake mezani, mende wanaipenda.

Kitenge kifuliwe kwa maji ya moto na sabuni ili dawa ya kiwandani itoke, kikauke, kipigwe pasi. Kilaze kifudifudi juu ya kioo au meza ya plastiki, ukinyunyizie maji mpaka kishike, kisha unyooshe nyuzi zake kwa vidole mpaka maua yakae wima. Kwenye meza nyingine paka kole ya muhogo kwenye karatasi ya patroni iliyo kubwa kuliko kitenge kwa sentimita 2 kila upande. Subiri dakika moja karatasi itanuke. Inyanyue kwa pembe mbili, mtu akusaidie kama yupo, iteremshe juu ya kitenge, uisawazishe kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda kingo. Povu la hewa likibaki, linyanyue upande ule na usawazishe tena. Acha mpaka kesho. Kikikauka, kinabanduka kwenye kioo kikiwa kimenyooka kama karatasi nene: sasa unaweza kukikata kwa kisu na hakitoi nyuzi.

Picha ya maganda ya mgomba

Rafiki yangu aliwahi kuniambia kwamba wimbo wa kwanza alioujua ulikuwa wa wavuvi. Ukikaa kando ya ziwa jioni unawasikia: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe, taa zimewashwa, wanapiga makasia wakiimba kwenda kutafuta sambaza. Samaki hao hawakuwa wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo huwezi kuifikiria Bukavu bila wao. Mitumbwi hiyo mitatu ndiyo niliyotaka iwe juu ya kaye yake.

Chuna maganda makavu kwenye shina la mgomba, yale yanayoning'inia yenyewe. Utapata rangi bila kununua rangi: kahawia ya asali kutoka ndani, nyeusi iliyopigwa na mvua, na utando wa fedha kwenye kingo. Yafute kwa kitambaa kibichi, yakaushe juani, kisha yapige pasi ya moto juu ya karatasi. Pasi inayanyoosha na inaua vidudu vilivyojificha ndani yake.

Kata kartoni nyembamba ya sentimita 6 kwa 8. Bandika kwanza ganda pana la rangi ya asali, ndiyo anga. Ganda jeusi lenye mistari lilale chini, ndiyo maji. Mistari yake ya asili tayari ni mawimbi, ielekeze tu. Mitumbwi niliikata kwa wembe kila mmoja urefu wa sentimita 2, na miti mirefu ni nyuzi nilizozichana kwenye ukingo wa ganda kwa ukucha. Watu sikuweka. Kwa taa nilitoboa matundu matatu kwa sindano na kubandika karatasi ya njano kwa nyuma. Kwa picha hii tumia kole nyeupe, tone dogo kwenye ncha ya kijiti, kisha weka chini ya tofali saa mbili.

Picha isibandikwe juu ya jalada ikatokeza, itakwaruzwa mkobani mpaka ibanduke. Itengenezee shimo. Chukua karatasi ngumu ya boksi la sabuni yenye ukubwa wa jalada, kata dirisha la sentimita 6.3 kwa 8.3, bandika karatasi hiyo juu ya kartoni ya mbele kabla ya kuivalisha kitenge. Picha italala ndani ya dirisha, chini kidogo ya uso wa kitenge. Kartoni ya nyuma nayo ibandikiwe karatasi ngumu kama hiyo, nzima bila dirisha, ili unene ulingane.

Jalada

Kata kartoni mbili za milimita 216 kwa 145. Kwa mgongo, pima unene wa kaye pamoja na kartoni zote mbili. Wangu ulitoka milimita 11. Pima wako, usikisie. Kata kipande hicho cha mgongo kwenye karatasi ngumu inayopinda, urefu milimita 216. Acha milimita 7 kati ya mgongo na kila kartoni, ndiyo bawaba. Kitenge kikatwe milimita 256 kwa 355, ukingo wa sentimita 2 kila upande ukiwa tayari umehesabiwa.

Paka kole nyeupe kwenye kartoni, siyo kwenye kitenge. Bandika, geuza, sawazisha kwa kiganja juu ya karatasi safi, na kwenye dirisha sukuma kitenge kwa mpini wa kijiko mpaka pembe zake zionekane. Kata pembe za kitenge kwa mshazari, ukibakiza milimita 4 kutoka ncha ya kartoni. Ukikata karibu zaidi, kartoni itachungulia. Kunja kingo ndefu kwanza, bonyeza pembe kwa ukucha, kisha kunja fupi.

Kaye yangu ya kwanza niliimaliza mwezi wa Oktoba, nikaiacha mezani usiku bila kuibana. Asubuhi jalada limepinda kama kigae. Kitambaa chenye kole kinatanuka kikiwa kibichi na kunywea kikikauka, kikivuta kartoni upande wake. Tiba ni kuweka mvutano upande wa pili pia, na kukausha chini ya uzito. Karatasi ya mlangoni ndiyo inayofanya kazi hiyo: ikibandikwa ndani ya jalada inavuta kinyume, na kartoni inanyooka.

Kwa hiyo unganisha hivi. Laza kaye ndani ya jalada, hakikisha kingo za kartoni zinatokeza sawa pande tatu. Ingiza karatasi ya plastiki kati ya mlango na kurasa, paka kole mchanganyiko, nusu nyeupe na nusu ya muhogo, juu ya mlango wote pamoja na bawa la kitambaa. Toa plastiki iliyochafuka, weka safi. Funga jalada juu yake bila kusitasita na bila kuchungulia. Geuza, fanya upande wa pili. Pitisha kijiko kwenye bawaba zote mbili mpaka mfereji uonekane, weka sindano nene ya kufumia kwenye kila mfereji, kisha kartoni, kisha matofali. Siku ya kwanza badilisha karatasi za kunyonya unyevu asubuhi na jioni, ukizichomeka kati ya plastiki na jalada. Mvua ikiwa nyingi, siku mbili kamili.

Mwishoni bandika picha dirishani.

Kuifungua na kuitoa

Usiifungue katikati kwa nguvu. Isimamishe kwenye mgongo wake mezani, laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha laza kurasa chache mbele, chache nyuma, ukibonyeza taratibu kando ya mgongo, mpaka ukutane na katikati. Baada ya hapo ikilazwa wazi inabaki wazi.

Ikiwa rafiki yako yuko Goma na kaye itapanda boti, ifunge kwa plastiki ndani na kitenge nje, na kipande kingine cha kartoni juu ya picha. Wangu niliipeleka mwenyewe. Ukurasa wa kwanza niliandika jina lake na mwaka, kwa kreyo, ili akitaka aufute ukurasa uwe wake wote. Alikaa kitandani, akaiweka magotini, akaondoa mikono yote miwili. Haikujifunga. Aliitazama muda kidogo, kisha akaomba biki.